Uzi: The Matrix ya pili na ya tatu ndizo zenye hoja nzito, tuzitendee haki

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Arusha, na uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka aweke alama arudi baadaye na chai yake. Nitasimulia hadi mwisho wa sehemu ya tatu. Ambaye hajaitazama na hataki kuharibiwa utamu, aishie hapa.

Ukienda kwa vijana wanaojaza muvi kwenye flash pale soko la Kilombero ukaomba The Matrix, unawekewa ile ya 1999 peke yake. Ukiulizia The Matrix Reloaded na The Matrix Revolutions, zote za 2003, unaambiwa hizo zina maneno mengi, hazieleweki, watu hawazitaki. Maneno haya nimeyasikia Ngarenaro, Sakina, hata kwa jamaa zangu wa Moshi, na kila nikiyasikia yananiuma. Ya kwanza inauliza swali zuri, lakini ni swali la zamani. Ya pili inalivunja jibu tulilopewa na ya kwanza. Ya tatu inafika mahali ambapo filamu chache sana za vita zimethubutu kufika: maadui wawili wanapatana na hakuna aliyemteketeza mwenzake. Na kama kuna watu wa kuielewa hiyo ya tatu haraka, ni sisi wa mji huu. Sababu nitaitoa huko mbele.

Ya kwanza sina haja ya kuikalia sana. Thomas Anderson mchana anaandika programu ofisini, usiku ni mdukuzi anayejiita Neo. Morpheus, kiongozi wa watu walioamka, anamnyoshea vidonge viwili, anameza chekundu, na anagundua kwamba dunia aliyoizoea ni programu ya kompyuta. Miili ya watu imelazwa kwenye vyombo vya majimaji, mashine zinavuna nguvu kutoka kwao. Plato aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kuhusu watu waliofungwa pangoni wakidhani vivuli vya ukutani ndiyo dunia yenyewe. Mwaka 1641 Descartes naye akajiuliza atajuaje kwamba hakuna roho mdanganyifu anayemchezea akili yake yote. Lana na Lilly Wachowski, walioandika na kuongoza zote tatu, hawakuficha walikochota. Diski zake za magendo Neo anazihifadhi ndani ya kitabu cha mwanafalsafa Mfaransa Jean Baudrillard kilichotobolewa kurasa za katikati. Baudrillard mwenyewe baadaye alisema filamu haikumwelewa, na nadhani alikuwa na haki ya kulalamika, maana yeye hakuamini kwamba kuna dunia halisi huko nje ya kukimbilia.

Mtu ninayemrudia kila mara katika ya kwanza ni Cypher, mmoja wa wenzake Morpheus. Mnamkumbuka pale mgahawani na Agent Smith, programu ya mashine inayowasaka walioamka? Anachoma kipande cha nyama kwa uma, anakinyanyua, anakitazama, anasema anajua fika kwamba nyama ile haipo, ni programu tu inayouambia ubongo wake kwamba ni laini na tamu. Kisha anaitia mdomoni na kutafuna kwa raha zake. Malipo anayoyadai kwa kuwasaliti wenzake ni kurudishwa usingizini, awe tajiri na maarufu, asikumbuke chochote.

Mwaka 1974 mwanafalsafa wa Marekani, Robert Nozick, aliuliza hivi: ikiwapo mashine ya kukupa raha yoyote unayoitaka, lakini ukiwa umelala na kuunganishwa nyaya, utakubali? Yeye aliona wengi tungekataa, kwa sababu tunataka kutenda mambo na si kuhisi tu kwamba tumeyatenda. Cypher ni jibu la mtu aliyekwisha kuuishi ukweli miaka tisa, akanywa uji wake usio na ladha na kulala kwenye baridi yake. Kijiweni kwetu Kaloleni hoja hii haijawahi kuisha. Kuna fundi simu mmoja anamtetea Cypher kwa moyo wote: mtu hajaombwa ruhusa kabla ya kuonyeshwa kidonge, hakuambiwa kuna njaa upande wa pili, sasa akitaka kurudi mnamwita msaliti? Namjibu kwamba kosa la Cypher halikuwa kutaka kurudi. Kosa lilikuwa kuilipia nauli yake kwa roho za wenzake, na wengine aliwachomoa waya wakiwa wamelala. Hapo huwa ananyamaza kidogo, halafu tunaanza upya.

Sifa za mapigano nazitaja kwa kifupi, si kwa kuzidharau. Yuen Woo-ping wa Hong Kong aliwafua waigizaji kwa miezi kabla kamera haijawashwa. Lile tukio la risasi kwenda polepole lilipigwa kwa zaidi ya kamera 100 za picha mgando zilizopangwa kumzunguka mwigizaji. Tuzo nne za Oscar ilizopata zote zilikuwa za ufundi: uhariri, sauti, uhariri wa sauti na picha za athari maalumu. Ilistahili zote.

NAENDELEA: SEHEMU YA PILI

Nimeona mdau ameandika, "Mkuu, ya pili nilitazama mpaka mbio za magari barabara kuu, baada ya hapo nikalala." Kaka, umelala mlangoni pa nyumba. Rudi.

Kabla hata ya zile mbio kuna mazungumzo ambayo kwangu yana thamani kuliko magari yote yale. Ni usiku Zion, mji wa mwisho wa binadamu chini ya ardhi. Mzee wa baraza, Hamann, anamkuta Neo hana usingizi, anamshusha hadi ghorofa ya mitambo. Magurudumu makubwa yanazunguka, yanasafisha maji ya mji mzima. Mzee anasema mashine hizi zinatuweka hai wakati mashine nyingine zinakuja kutuua. Neo anajitetea: hizi hazitutawali, tunaweza kuzizima tukitaka. Mzee anakubali, kisha anauliza kwa upole: tukizizima, taa zetu je? Joto letu? Hewa yetu? Halafu anakiri kwamba hajui kabisa mitambo ile inafanyaje kazi, anajua tu kwa nini inapaswa kufanya kazi.

Watu wanaolalamika kwamba hapa hakuna kinachotokea hawakusikiliza. Sehemu ya kwanza ilitufundisha kwamba upo utumwa na upo uhuru, na mlango kati yake. Mzee Hamann anauondoa mlango. Huru kabisa hakuna, kila upande unamtegemea mwenzake, na hata sisi tulioamka tunalala juu ya mashine. Kumbukeni kauli hii, maana ya tatu yote imejengwa juu yake.

Merovingian, yule Mfaransa mwenye mgahawa, nampita haraka. Yeye anadai hakuna kuchagua, kuna chanzo na matokeo tu, na kwamba hadithi za uchaguzi zimetungwa na wenye nguvu kwa ajili ya wasio nazo. Anamlisha mwanamke keki ili kulithibitisha hilo. Ni tukio chafu, na nadhani limewekwa chafu makusudi ili tumwone mtu mwenye falsafa hiyo anavyowatumia wengine.

Sasa Architect, programu iliyoibuni Matrix yenyewe. Mzee mwenye ndevu nyeupe, suti safi, amekaa kitini, ukuta mzima ni luninga, na kila luninga ina Neo anayejibu tofauti: mmoja anatukana, mwingine anacheka, mwingine amenyamaza. Kamera inaingia ndani ya luninga mojawapo na Neo wa humo ndiye anayeendelea na mazungumzo. Angalieni hicho kitu kidogo. Majibu yote yanayowezekana yameshapigiwa hesabu, na bado anayetembea mbele ni mmoja.

Kwenye vibanda umiza hapo ndipo watu walikuwa wanasimama kwenda kununua karanga. Na anachosema mzee huyo kinageuza filamu nzima. Matrix ya kwanza ilikuwa paradiso, kila mtu na furaha tele, ikaanguka, binadamu waliikataa. Ya pili ikajengwa kwa mfano wa historia yetu na ubaya wake wote, nayo ikaanguka. Iliyofanikiwa ni ile iliyompa kila mtu uchaguzi, hata kama ni uchaguzi ulio chini kabisa ya fahamu zake. Karibu asilimia 99 wakaridhika. Ile asilimia moja iliyobaki? Ikajengewa Zion, ikapewa unabii, ikapewa Aliyeteuliwa. Neo ni wa sita. Wenzake watano walifika chumba hiki hiki, wakachagua watu 23, wanawake 16 na wanaume 7, waende kuanzisha Zion upya baada ya ile ya zamani kuteketezwa. Mzunguko ukaanza tena.

Mmeliona hilo? Kidonge chekundu chenyewe kilikuwa sehemu ya mfumo. Morpheus, mtu mwenye imani safi kuliko wote, amekuwa akitekeleza mpango wa mashine bila kujua. Nikiwa kijana niliipenda ya kwanza kwa sababu ilinipa shujaa. Ya pili naiheshimu kwa sababu inathubutu kuuliza nani amemtengeneza shujaa huyo na kwa faida ya nani. Ni wachache wanaoandika hadithi ya ukombozi halafu wakarudi kuihoji wenyewe, tena wakati dunia nzima inataka iendelee vilevile.

Na Neo anafanya nini? Watano waliomtangulia waliwapenda binadamu kwa ujumla, wakachagua mlango wa kuokoa kizazi. Yeye anampenda Trinity, mpiganaji mwenzake, mtu mmoja mwenye jina. Anachagua mlango wa kushoto, wa kurudi kumwokoa, ambao kwa hesabu zote ni wa kijinga. Mzunguko unakatika hapo.

KUHUSU DINI

Dada mmoja wa Moshi ameuliza kama Neo ni mfano wa Yesu. Alama zipo, tena nyingi, na zimewekwa wazi. Mji unaitwa Zion, mwanamke anaitwa Trinity, yaani Utatu, na Neo anakufa na kuinuka katika sehemu ya kwanza. Chombo cha Morpheus kimepewa jina la Nebukadneza, mfalme wa kitabu cha Danieli aliyesumbuliwa na ndoto. Ukisimamisha picha wanapokionyesha kibao chake utakuta kimeandikwa Mark III No. 11. Fungua Marko 3:11, utakuta pepo wachafu wakianguka mbele ya Yesu na kumwita Mwana wa Mungu.

Lakini usiishie Biblia, dada. Yule mtoto mwenye upara anayepinda kijiko anafundisha kwa namna ya Kibudha. Wimbo unaopigwa mwishoni mwa ya tatu unaimba maneno ya Upanishadi za Kihindu, dua ya kutolewa kwenye kisicho kweli kwenda kwenye kweli, gizani kwenda nuruni, mautini kwenda uzimani. Jikoni kwa Oracle, yule mama mtabiri ambaye naye ni programu, kuna kibao cha Kilatini juu ya mlango kinachosema jijue mwenyewe. Mimi naona waandishi walikusanya njia nyingi za kuamka wakaziweka mezani pamoja, na Profesa Cornel West, Mmarekani mweusi aliyetumia maisha yake kufundisha dini na falsafa, wakampa nafasi kwenye baraza la Zion katika ya pili na ya tatu. Hawakumweka pale kwa bahati.

KUHUSU BETRI

Mdau aliyesomea uhandisi ameleta pingamizi: binadamu hawezi kuwa betri, chakula unachomlisha kina nishati kubwa kuliko unayoivuna. Uko sahihi, mkuu. Mtu aliyepumzika hutoa joto la takriban wati 100, na ili azitoe lazima ale. Filamu inataja kwa haraka kwamba mashine zina chanzo kingine cha nyuklia pembeni, jambo linalozidisha swali badala ya kulimaliza. Huo ni udhaifu wa kweli wa hadithi na sitautetea. Ila hauangushi hoja ya mzee Hamann. Pande zote mbili zinahitajiana, hata kama kiasi chake kimekosewa.

SASA YA TATU

Inaanzia kwenye kituo cha treni kilicho katikati ya dunia mbili. Neo amekwama pale na familia moja: baba Rama-Kandra, mama Kamala, na binti yao mdogo Sati. Wote ni programu. Baba ni msimamizi wa mifumo ya mtambo wa umeme. Wamempata mtoto ambaye hana kazi aliyopangiwa, na kwenye dunia ya mashine asiye na kazi hufutwa. Kwa hiyo wamefunga safari ya kumvusha. Neo anashangaa kusikia programu ikisema inampenda mwanawe. Rama-Kandra anamjibu kwa utulivu kwamba upendo ni neno, kilicho muhimu ni ule uhusiano ambao neno linausimamia, na anamuuliza kama hana kitu ambacho yuko tayari kutoa chochote kwa ajili yake.

Filamu mbili nzima mashine zimekuwa adui asiye na uso. Hapa adui ana mtoto, na anamshika mkono kituoni akisubiri usafiri. Bila Sati, mkataba wa mwisho usingekuwa na maana yoyote. Na ulinzi wa mtoto huyu ulimgharimu Oracle: baba yake alimpa Merovingian siri za kuuharibu mwili wa Oracle ili mtoto apate njia. Gloria Foster, aliyemwigiza Oracle kwanza, alifariki 2001, na Mary Alice akaichukua nafasi katika ya tatu. Waandishi wakaiingiza sura mpya ndani ya hadithi kama gharama ya uamuzi wake. Kwangu huo ni uandishi wa heshima kwa marehemu.

Vita vya gati la Zion ni virefu mno, hapo nakubaliana na wakosoaji. Mashine 250,000, moja kwa kila mkazi wa mji, ni sauti na vyuma hadi kichwa kinauma. Ningepunguza theluthi nzima.

Lakini wakati wao wanapigana, Neo, ambaye ameshapofuka macho, anakwenda mji wa mashine. Haendi kulipua. Anakwenda kuzungumza. Anaiambia mashine kuu kwamba Smith amewatoka mikononi, amejizalisha hadi ameijaza Matrix yote, na kesho atawafikia ninyi. Mimi naweza kumkabili. Wanamuuliza unataka nini? Anajibu neno moja: amani.

Hapa ndipo naleta Arusha. Sisi tumekua tukiona misafara ikiingia AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa. Tarehe 4 Agosti 1993 ulisainiwa hapa mkataba wa Rwanda, na Aprili 1994 tunajua kilichotokea. Tarehe 28 Agosti 2000 ukasainiwa hapa wa Burundi, Mandela akiwa msuluhishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba 1999 kazi ikiwa haijaisha. Ule wa Burundi, makundi makuu mawili ya wapiganaji hayakuwamo, vita vikaendelea, na kundi kubwa zaidi lilikuja kutia saini Dar es Salaam Novemba 2003, mwezi uleule The Matrix Revolutions ilipotoka. Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa kwamba amani si kumteketeza adui, na kwamba karatasi inaweza kuraruka. Anajua pia kwamba wale wasioketi mezani ndio wa kuangaliwa.

Smith ndiye asiyeketi mezani. Amezaliwa na mfumo, akakombolewa na mkono wa Neo mwenyewe alipomvunja katika ya kwanza, na sasa hana bwana wala kazi, ana kujizidisha tu. Kwenye mvua ile ya mwisho anamuuliza Neo kwa hasira kwa nini anaendelea kuinuka. Anamtajia sababu zote: uhuru, ukweli, amani, upendo, anazitemea mate moja baada ya nyingine. Neo anasema ni kwa sababu nimechagua. Hiyo ndiyo hoja ya Merovingian ikijibiwa, na pia ya Architect. Halafu anaacha kupigana, anamruhusu Smith amchukue, na mashine zinamfikia Smith kupitia mwili wa Neo.

Mdau ananipinga: "Si ameshinda basi, wewe unasemaje hakuna mshindi?" Mkuu, Matrix inabaki palepale. Watu mamilioni wanabaki wamelala. Kilichopatikana ni kwamba mashine zinaiacha Zion, na anayetaka kutoka ataachiwa. Sikia Architect anavyomuuliza Oracle pale bustanini: amani hii unadhani itadumu hadi lini? Anamjibu: kadiri itakavyoweza. Wengi waliona jibu hilo dhaifu. Kwangu ni jibu la mtu mzima. Ndilo lingepaswa kutolewa na kila mpatanishi aliyewahi kushuka ngazi za AICC, na baada ya jibu hilo ndipo kazi ya kuilinda inapoanza.

Wanaouliza kuhusu ya nne, The Matrix Resurrections ya 2021 aliyoiongoza Lana peke yake: itazameni kwa jambo moja hata kama mengine hayatawapendeza. Inaonyesha mkataba ulivyoishia. Wengi waliachiwa, nishati ikapungua, mashine zikapigana zenyewe kwa zenyewe na Zion ikapotea. Lakini kuna mji mpya, Io, na humo binadamu na mashine zilizojiunga nao wanaishi pamoja na wanalima matunda. Yaani ule mkataba ulivunjika nusu, nusu ukabaki. Mwenye hoja kwamba Neo alikufa bure aanzie hapo kunijibu, na mwenye nakala nzuri ya ya pili na ya tatu aliye karibu na Kilombero awapelekee wale vijana wa flash.